Saa ya jua ukiiweka Biharamulo itakusomea saa ya Kigali



Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila siku ila hatukiulizi. Kwanini ukiwa Ngara saa 12 na nusu asubuhi mara nyingi bado kuna kigiza, wakati ndugu yako aliyeko Dar anakwambia kwenye simu kwamba kwao jua limeshatoka zamani? Na kwanini jioni wao wanawasha taa wakati huku kwetu vijana bado wako uwanjani wanapiga mpira na mpira unaonekana vizuri tu?

Jibu lipo kwenye chombo kimoja cha kizamani sana, saa ya jua. Watu waliotembelea Ulaya wanazifahamu. Ukienda kwenye nyumba za kale zilizogeuzwa makumbusho, mara nyingi unakuta bustanini kuna nguzo fupi ya jiwe, juu yake kuna sahani ya shaba au jiwe lililochorwa mistari, na katikati kuna kipande cha chuma kimesimama kwa mshazari. Hakuna betri, hakuna funguo ya kujaza. Jua linapiga, kivuli cha kile chuma kinaangukia kwenye mstari, unasoma saa.

Na si Ulaya peke yake. Mwaka 1371-72 mwanazuoni Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya jua ya marumaru kubwa, urefu kama mita 2 na upana kama mita 1. Vipande vya ile ya asili vimehifadhiwa kwenye bustani ya Makumbusho ya Taifa ya Damascus, na pale mnarani ikawekwa nakala iliyotengenezwa karne ya 19. Kazi yake kubwa ilikuwa kujua nyakati za swala.

Sasa huku kwetu nyumba ya kale ambayo karibu kila mtu anaijua ni lile Boma la Wajerumani pale Biharamulo, la mwanzoni mwa karne ya 20. Tufanye hivi: tuchukue saa ya jua kutoka bustani moja ya London, tuipakie kwenye ndege hadi Mwanza, halafu basi hadi Biharamulo, tuiweke kwenye uwanja wa Boma. Itasoma vizuri?

Haitasoma vizuri. Itakosea mara mbili, na makosa yote mawili yana somo ndani yake.

KOSA LA KWANZA: ULE MSHAZARI

Kile chuma kinachotoa kivuli hakijainamishwa kwa urembo. Kinatakiwa kiwe sambamba na mhimili wa dunia, yaani ule mstari wa kufikirika ambao dunia inauzunguka. London iko kama nyuzi 51 na nusu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo chuma chao kinainuka nyuzi 51 na nusu kutoka usawa wa sahani, kikielekea kaskazini.

Biharamulo iko nyuzi 2.6 tu kusini ya ikweta. Ngara mjini nyuzi 2.5. Maana yake kwetu mhimili wa dunia umelala karibu kabisa na ardhi. Chuma cha saa yetu kinatakiwa kilale, kiinuke nyuzi 2 na nusu hivi tu upande wa kusini. Ukileta ile ya London iliyosimama nyuzi 51, kivuli kitakuwa kinatembea hovyo, leo kinasema hivi, mwezi ujao saa ileile kinasema vile.

Kuna na jambo lingine. London jua la mchana siku zote linakuwa kusini. Sisi tunalipata pande zote. Karibu na tarehe 13 au 14 Machi, na tena karibu na tarehe 29 Septemba, jua la mchana linapita juu ya kichwa kabisa Biharamulo, na kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linakuwa kaskazini yetu, na miezi iliyobaki linakuwa kusini. Mwaka mzima, kivuli chako cha mchana kamili hakizidi nusu ya urefu wako.

Ndio maana ule mchezo wa utotoni wa kukanyaga kichwa cha kivuli chako kujua kama mchana umefika unafanya kazi huku kwetu. Mtoto wa London akijaribu mwezi Desemba atakuta kichwa cha kivuli chake kiko zaidi ya mita 5 mbele yake.

KOSA LA PILI, NA HILI NDO KUBWA

Tuseme fundi ameshalirekebisha lile la kwanza, chuma kimelazwa sawasawa. Unasimama pale Boma, kivuli kinaangukia kwenye mstari wa saa 6 kamili mchana. Unatoa simu mfukoni. Simu inasema saa 6:55.

Unadhani saa ya jua imeharibika? Hapana bwana. Iko sawa kabisa. Jua limefika katikati ya safari yake ya siku sasa hivi. Aliyetangulia mbele ni simu yako.

Hesabu yake ni rahisi, hata mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Gawanya, unapata nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi 1 kwa dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele ya Greenwich kwa saa 3, na 3 mara 15 ni 45. Maana yake saa tunayotumia Tanzania ni saa ya jua ya mahali palipo longitudo nyuzi 45 mashariki.

Haya, nyuzi 45 mashariki inapita wapi? Kwa Tanzania haipiti popote. Inapita huko Somalia, na Mogadishu iko nyuzi 45.3. Kwa hiyo ukiwa Ngara na saa yako mkononi, kwa hesabu ya jua unasoma saa ya Mogadishu!

Angalia sasa kila mji uko nyuma kiasi gani kwa wastani:

Dar es Salaam (nyuzi 39.3): jua liko nyuma ya saa ya mkononi dakika 23.
Nairobi (36.8): dakika 33.
Kampala (32.6): dakika 50.
Biharamulo (31.3): dakika 55.
Ngara (30.65): dakika 57.

Kigoma wako magharibi zaidi yetu, wao wamepita hata saa nzima kidogo.

Sasa vuka daraja pale Rusumo. Rwanda wanatumia saa iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 2, yaani saa ya longitudo nyuzi 30. Kigali yenyewe iko nyuzi 30 na kidogo sana. Wao jua lao na saa yao vinakwenda pamoja. Na Burundi hivyohivyo, ukivuka Kabanga kwenda Kobero unarudisha mshale nyuma saa nzima.

Ndo nikasema kwenye kichwa cha habari: saa ya jua ukiisimika Biharamulo, itasoma saa ya Kigali kwa tofauti ya dakika 5 tu. Ukiisimika Ngara mjini, tofauti haifiki hata dakika 3. Jua linafuata longitudo, na longitudo ya Ngara iko jirani na ya Kigali.

NANI ALIAMUA HIVI?

Zamani kila mji ulikuwa na saa yake. Jua likifika juu, ni mchana, basi. Mtu wa mji wa pili akiwa na tofauti ya dakika 20 haikumsumbua mtu, maana hakuna aliyeweza kusafiri haraka kiasi cha kuiona tofauti hiyo. Reli na telegrafu ndivyo vilivyoleta shida. Treni haiwezi kuwa na ratiba kama kila stesheni ina saa yake. Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na mkutano ukaamua mstari wa Greenwich uwe ndio sifuri ya kuhesabia longitudo. Baada ya hapo nchi moja moja zikaanza kujipanga kwenye kanda za saa nzima nzima.

Kwa upande wetu kuna na historia ya mipaka. Wakati wa Mjerumani, huku kwetu, Rwanda na Burundi zote zilikuwa koloni moja. Baada ya vita ya kwanza, kwa utaratibu wa Shirikisho la Mataifa uliothibitishwa 1922, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza na Ruanda-Urundi ikawa chini ya Mbelgiji. Leo Tanzania iko kanda moja na Kenya na Uganda, na wenzetu wa ng'ambo ya pili wako kanda moja na mashariki ya Kongo. Mhangaza wa Bugufi na Mrundi wa ng'ambo wanaelewana lugha, wanalima mazao yaleyale, jua linawachomozea dakika ileile, ila mmoja anasema ni saa 1 na mwenzake anasema ni saa 12.

Na hapa kuna kichekesho kidogo. Saa za Kiswahili kwa asili yake ni saa za jua. Tunaanza kuhesabu asubuhi jua linapochomoza, saa 1 asubuhi ni saa moja tangu kukuche, saa 6 ni katikati, saa 12 jioni linazama. Pwani, karibu na ikweta, ambako siku haibadiliki sana, hesabu hii inakaa vizuri mwaka mzima. Sasa lugha imefika Ngara na maneno yake, ila saa iliyokuja nayo ni ya longitudo 45. Katikati ya Februari jua Ngara linachomoza kama saa 1 na dakika 5 asubuhi. Yaani "saa moja asubuhi" inafika jua lenyewe bado halijatoka!

KWANI INATUHUSU NINI?

Mtu atasema, mshkaji, hizi ni hesabu za wenye muda. Hapana. Kuna mambo matatu yanayotugusa moja kwa moja.

La kwanza, watoto wa shule. Tuchukue mtoto ambaye shule yao inataka awe mstarini saa 1:15 asubuhi, na nyumbani kwao ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Anatoka saa 12:15. Akiwa Dar katikati ya Februari, muda huo kumeshapambazuka, na jua linatoka dakika kama 12 baadaye. Akiwa kijiji cha Ngara tarehe hiyohiyo, mwanga wa kumwezesha kuona njia unaanza kama saa 12:45. Nusu saa nzima anatembea gizani. Ni mtoto wa umri uleule, na mstari unaanza saa ileile. Mwezi wa kumi na moja mwanzoni mambo yanakuwa nafuu kwa sababu jua Ngara linatoka kama saa 12:35, ila Januari mwishoni na Februari, shule zikiwa zimefunguliwa na kuna watoto wapya wa darasa la kwanza, ndo wakati mbaya kuliko wote.

La pili, wanaofunga. Magharibi inaingia jua linapozama pale ulipo wewe. Jua linazama Dar kabla ya Ngara kwa kama nusu saa hadi dakika 40 hivi, kutegemea mwezi. Sasa mtu yuko Ngara, amekaa na redio, inapigwa adhana ya magharibi ya Dar, naye anafungua. Atoke nje aangalie: jua bado lipo linamwangalia. Ratiba ya kufuata ni ya mji ulipo, au jua lenyewe. Na swala za mchana ni vivyo hivyo, sheria yake ni ya kivuli tangu zamani: adhuhuri inaingia jua likishapinduka, na alasiri kwa Shafii inaingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wa kitu hicho, ukiongeza na kile kivuli kilichokuwepo jua lilipokuwa juu. Kijiti chako uani kinaweza kukuonyesha kama ratiba uliyonayo ni ya huku au imetoka mbali.

La tatu, wasafiri na biashara za mpakani. Simu nyingi zinajipangia saa kutoka kwenye mnara wa mtandao. Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kudaka mnara wa Rwanda au Burundi usiku bila wewe kujua, ikarudi nyuma saa nzima. Umetega kengele saa 10 alfajiri uwahi basi la saa 11. Simu inalia saa 10 ya kwao, ambayo kwako ni saa 11. Unafika stendi unakuta vumbi. Dawa yake ni ndogo: ingia kwenye mipangilio ya simu, zima saa ya kujipanga yenyewe, weka kwa mkono. Na ukipanga kukutana na mteja Rusumo, sema wazi "saa nne ya Tanzania" au "saa nne ya Rwanda". Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi 2016 watu wanapita haraka, ila ile saa moja bado iko palepale.

Kwa mlioko kafe, angalieni mpangilio wa saa wa kompyuta mliyokalia. Kwenye Windows kanda yetu imeandikwa jina la Nairobi, na ile ya saa 2 mbele ya Greenwich imeandikwa Harare na Pretoria. Mtu akichezea hapo, barua pepe zako zote zinaonekana zimetumwa muda mwingine.

TENGENEZA YAKO, GHARAMA NI NDOGO

Uzuri wa kukaa karibu na ikweta ni kwamba saa ya jua ya kwetu ni rahisi kuliko ya London. Mistari yake haisambai kama mbavu za feni, inakuwa sambamba kama mistari ya daftari. Unahitaji ubao bapa wa sentimita 40 kwa 40, kipande cha bati chembamba kilichonyooka, rula, na kalamu isiyofutika.

1. Tafuta kaskazini na kusini. Simamisha kijiti wima mahali pa wazi, chora duara kukizunguka. Asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapogusa duara. Alasiri kivuli kikirudi kugusa duara upande wa pili, weka alama nyingine. Unganisha alama hizo mbili: huo ni mstari wa magharibi na mashariki. Mstari unaoukata huo kwa pembe mraba ndio kaskazini na kusini.

2. Chora mstari katikati ya ubao, toka upande mmoja hadi mwingine. Simamisha bati wima juu ya mstari huo, urefu wa kwenda juu uwe sentimita 10 kamili, na ukingo wake wa juu uwe mnyoofu na uende sambamba na ubao.

3. Pima kutoka mstari wa katikati kwenda pande zote mbili: sentimita 2.7, halafu 5.8, halafu 10, halafu 17.3. Chora mistari sambamba na ule wa katikati. Kila mstari ni saa moja.

4. Mstari wa katikati andika saa 6. Upande utakaokuwa magharibi, ukitoka katikati, andika 5, 4, 3, 2, maana asubuhi kivuli kinaanguka magharibi. Upande wa mashariki andika 7, 8, 9, 10.

5. Laza ubao, mstari wa katikati ukifuata kaskazini na kusini uliyoipata. Halafu inua ukingo wa kusini wa ubao kwa sentimita 1.8. Hizo ndo nyuzi zetu 2.6.

Basi, umemaliza. Kivuli cha ukingo wa juu wa bati kinakusomea saa ya jua ya Biharamulo. Kupata saa ya redio, ongeza dakika 55. Ukiwa Ngara ongeza 57.

Kuna dakika chache zitakusumbua na ni vizuri uzijue mapema usije ukavunja ubao. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili umeinama, kwa hiyo jua lenyewe halitunzi muda sawasawa mwaka mzima. Katikati ya Februari jua linachelewa dakika 14 zaidi ya wastani. Mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16. Kwa hiyo Biharamulo mchana kamili wa jua unaweza kuwa saa 7:09 kwa saa ya redio mwezi Februari, na saa 6:38 mwezi Novemba. Karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba ndipo wastani na jua vinakubaliana, hizo ndo siku nzuri za kupima kama kazi yako umeifanya sawa.

WALIOTUMIA JUA KUGAWANA MALI

Usidhani hiki ni kitu cha kuchezea tu. Oman, ambako kuna ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, kuna mifereji ya kale ya maji inaitwa aflaj, mmoja ni falaj. Kama 3,000 bado inafanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza mitano kwenye orodha ya urithi wa dunia. Maji ya mfereji mmoja yanagawanywa kwa mashamba mengi, na kipimo cha mgao ni muda. Kipande kimoja cha kawaida, athar, ni kama nusu saa. Mchana walipima kwa kijiti na kivuli kwenye uwanja wa kijiji, usiku wakapima kwa nyota. Kila mwenye shamba alikuwa anakiona kile kivuli kwa macho yake mwenyewe. Hakuna wa kusema saa yangu inasema hivi na yako vile. Kivuli kimefika kwenye alama, fungua kwa jirani.

SASA TUFANYEJE?

Sisemi Kagera ijitenge na kuwa na saa yake. Nchi moja kuwa na saa moja kuna faida zake, benki, mabasi, mitihani ya taifa, matangazo, vyote vinakwenda pamoja. Kongo wana kanda mbili na maisha yanaendelea. China ni kubwa mno ila kisheria wana saa moja, ya Beijing, matokeo yake kule Xinjiang magharibi watu wengi wana saa yao ya mtaani iliyo nyuma saa 2. Kila utaratibu una gharama. Na hata hii yetu ina neema yake: jioni tunakuwa na mwanga mpaka karibu saa 1 usiku, mtu akitoka kazini anapata muda wa kupitia shamba au kucheza mpira.

Ila saa ya taifa na saa ya kuingia darasani ni vitu viwili tofauti. Saa inapangwa kitaifa. Muda wa mstari wa asubuhi unaweza kuongelewa na wazazi, walimu na viongozi wa kijiji, wakaona kama Januari na Februari wanaweza kuusogeza hata nusu saa. Kwenye mkutano wa kijiji, mzazi akisimama akasema "watoto wanatembea gizani", atajibiwa kwamba Dar nao wanaingia saa hiyohiyo. Akija na ubao wake wa sentimita 40 akauweka chini mbele ya watu, wakaona kivuli kiko kwenye saa 6 wakati simu zao zote zinakaribia saa 7, hapo maongezi yatakuwa mengine.

Walimu wa sayansi na jiografia mliopo Ngara na Biharamulo, hili ni somo la vipindi viwili tu na watoto hawatalisahau. Na wenye dhamana ya majengo ya kale kama lile Boma, uwanja mnao, jua lipo la bure. Jiwe moja lenye mistari sambamba, maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni, mgeni akija anajifunza historia na jua kwa mara moja.

Mwenye kuujaribu ubao huu atuandikie hapo chini: uko mji gani, tarehe gani, na kivuli kilipofika kwenye mstari wa 6 simu ilikuwa inasema saa ngapi. Wa Kigoma, Kibondo, Karagwe na Bukoba nanyi msibaki nyuma, tulinganishe.

Naomba kuwasilisha.